Ukoko Uko Wapi?

Swali lilikuwa fupi na liliulizwa kwa upole. Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Tanga siku mbili kabla, na Jumapili ile mchana tulikaa mkekani sebuleni kwetu Kimara, watu tisa, sinia mbili za pilau ya nyama ya ng'ombe katikati, kachumbari, ndizi mbivu na bakuli dogo la pilipili ya embe. Alikula akashiba. Akanawa, akamshukuru Mungu, akaniombea dua kama anavyofanya kila anapokula kwangu: Mungu aubariki mkono huu. Kisha akasema, "Mwanangu, ukoko uko wapi? Nikwangulie kidogo, nitautafuna na chai jioni."

Aliyelelewa pwani hahitaji kuelezwa. Kwa msomaji wa bara, ukoko ni ule wali unaoshika chini ya sufuria, ukakauka na kukaza bila kuungua, ukiwa umekunywa mafuta na bizari yote iliyozama. Watoto huugombania, na wazee ambao meno bado yapo huuomba. Sufuria ya pilau iliyopaliwa makaa juu ya mfuniko ikaachwa ikauke polepole haikosi ukoko, kwa hiyo nyumba iliyopika pilau haikosi ukoko.

Nyumba yangu ilikosa. Haikuwa hata na sufuria chafu. Jiko lilikuwa limelala baridi tangu chai ya asubuhi, na kwenye karo palikuwa na hotipoti mbili kubwa zilizokwisha kupakuliwa.

Pilau ile ilipikwa Magomeni, na mwanamke ninayenunua kwake tangu mwaka 2016. Kwa miaka minane niliipakua kwenye sinia zangu, nikaizungushia kachumbari niliyokata mwenyewe, nikaketi kupokea sifa. Kwa mdomo wangu sikuwahi kutamka kwamba nimepika. Haikuhitajika. Nilitoka jikoni nimejifunga kanga kiunoni, na kanga ile ndiyo iliyosema uongo badala yangu.

Nimezaliwa Bukoba. Kwetu chakula ni ndizi: ndizi na maharage, ndizi na samaki wa ziwani, ndizi zilizofunikwa majani ya mgomba mpaka mvuke wake unaita majirani. Mama alinishikisha kisu cha kumenyea kabla sijaanza shule, na hadi leo namaliza mkungu mzima bila kujikata. Pilau ilikuwa ya Idi na ya harusi, ikipikwa nje ya nyumba kwa masufuria ya kuazima, na sisi watoto wa kike tulichambua mchele tu. Nikaolewa na mtu wa Tanga, nikaingia katika ukoo ambao mke hupimwa kwa pilau, wali wa nazi, mchuzi wa papa na mkate wa kumimina.

Kabla ya harusi nilifanyiwa kicheni pati, sherehe ambayo mijini siku hizi haikosekani. Walikuja shangazi, wafanyakazi wenzangu, majirani wa Dar es Salaam. Nilipewa seti ya sufuria, jiko la gesi, mabirika, sahani za udongo na hotipoti za kila ukubwa. Wakubwa walisimama mmoja mmoja kunieleza kwamba mume hushikwa kwa tumbo. Nawaheshimu mpaka leo, walikuja na mapenzi. Ila katika saa zote zile hakuna aliyeniuliza ninajua kupika nini. Walinikabidhi vyombo vya chakula kimoja wakidhani ujuzi wake umo ndani ya vyombo.

Mwaka wa kwanza nilipika pilau mara tatu. Nilifuata kila nilichoambiwa, na mara zote ilitoka nyeupe, ina harufu ya bizari lakini haina ladha ya pilau. Sababu niliijua baadaye sana, nikiwa nimesimama Magomeni nikitazama. Wengi tunaamini rangi ya pilau inatoka kwenye viungo. Inatoka kwenye kitunguu. Kitunguu kinakaangwa mpaka kinakuwa kahawia iliyokolea, karibu na kuungua, na mpishi anatakiwa ajue sekunde ya kumwagia supu ili kisiingie uchungu. Hapo ndipo mchele unapopata rangi. Binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga vinatia harufu, lakini mkono wa mpishi unaonekana kwenye kitunguu. Mimi nilikiogopa moto nikakitoa mapema.

Basi mwaka ule ule mabasi ya mwendokasi yakaanza kupita Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Mimi nafanya kazi Posta. Siku moja jioni nilishuka Magomeni Mapipa kununua dawa, nikaisikia harufu. Niliifuata hadi kwenye uchochoro wa pili, kwenye banda la mabati lililoegemea ukuta wa nyumba, nikamkuta mama mmoja akipakua pilau kutoka sufuria kubwa ya kumtosha mtoto kuogea. Nikamwambia anifungie sahani nne. Usiku ule mume wangu alikula, akanitazama, akasema, "Leo umeiweza."

Hapo ndipo ningeweza kusema. Nilinyamaza.

Uongo wa namna hii una utaratibu wake, na utaratibu huo una watu wengi. Nilianza kuwaona. Ijumaa asubuhi wanawake wanashuka kituo kile wakiwa na mfuko mkubwa wa kitenge, na ndani ya kitenge kuna hotipoti tupu. Jioni wanaichukua imejaa. Tulisalimiana bila kuulizana majina, kama watu wanaokutana kwa mganga. Oda inawekwa Alhamisi kwa simu, malipo yanakwenda kwa simu, mpishi anajibu kwa neno moja: tayari. Kabla ya malipo ya simu mtu alilazimika kumtuma mtoto na pesa mkononi, na mtoto hutoa siri. Siku hizi pesa inapita kimya.

Kitu kingine kilichoongeza kimya kile ni marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea, iliyoanza Tanzania Juni 1, 2019. Wakenya waliitangulia, Agosti 2017. Nilikuwa nikibeba pilau kwenye madeli ndani ya mfuko wa rambo, na kila jirani aliyeuona alijua nimetoka kununua. Baada ya marufuku mpishi alitangaza kila mteja aje na chombo chake. Tangu hapo chombo changu kiliondoka asubuhi kitupu, kikarudi jioni kimejaa, na aliyekiona alikiona chombo changu. Namba ya simu ya mpishi niliihifadhi kwa jina la Fundi Nguo, ili akipiga mbele ya wageni jina litakalotokea lisiulizwe.

Nimelifikiri sana jambo hili tangu Jumapili ile, na swali linalonisumbua ni kwa nini pilau. Maana kununua chakula kilichopikwa na mtu mwingine si jambo geni kwetu, wala halijaletwa na mwendokasi wala na simu. Miji ya mwambao imekuwa ikinunua chakula kwa vizazi. Mkate wa mofa unahitaji tanuri lake la udongo, na nyumba nyingi hazikuwa nalo, kwa hiyo ulinunuliwa kwa wenye tanuri. Mombasa, asubuhi, mtoto anatumwa mahamri na mbaazi za nazi, na hakuna anayemdharau mama yake. Ramadhani ikifika, nenda Kibokoni saa kumi na moja jioni uone meza zilivyojipanga: kaimati, sambusa, viazi karai, katlesi, mkate wa sinia. Vingi vinakwenda kufuturishwa kwenye nyumba ambazo zina jiko na zina mtu wa kupika. Hata yule anayekaanga sambusa zake mwenyewe mara nyingi amenunua manda.

Halua ndiyo mfano unaonikera zaidi. Nani anapika halua nyumbani? Wanga, sukari, samli, iliki na zafarani vinasongwa kwa saa nyingi juu ya moto, kwa mwiko mkubwa, na watu wenye misuli na uzoefu. Kila mtu anainunua. Zaidi ya hapo, kila mtu anataja alikoinunua. Anayetoka Unguja au Mombasa anafungua kikapu cha ukili mbele ya wageni na kusema hii ni ya fulani, ya mtaa fulani, na wageni wanaitikia kwa heshima kwa sababu jina lile wanalijua. Aliyenunua anapata sifa ya kujua kuchagua, na aliyepika anapata sifa ya kupika. Hakuna aliyepungukiwa.

Vivyo hivyo harusini. Pilau ya shughuli hupikwa na mpishi aliyekodiwa, na watu wakishiba huuliza: kapika nani? Jina linatajwa, namba inaombwa, na harusi ya mwezi ujao mpishi huyo anaitwa tena. Sasa niambie, pilau ile ile, ya mpishi yule yule, ikiingia sebuleni kwangu Jumapili kwa watu tisa, kwa nini jina lake likatwe?

Jibu langu ni kwamba kwenye shughuli tunapima chakula, na nyumbani tunampima mwanamke. Chakula cha Jumapili kimegeuzwa kuwa cheti cha mke. Mume anaweza kununua suti aliyoshona fundi na kumtaja fundi kwa majivuno. Hakuna anayesema si mwanamume kamili kwa kuwa hakuishona. Mke akisema pilau hii imetoka Magomeni, ameshindwa ndoa.

Na bado hatujagusa saa na moto. Natoka kazini saa kumi na moja. Mwendokasi wa jioni hauna nafasi ya kusimamisha mguu wa pili, na nikifika nyumbani mapema ni saa moja. Pilau inayostahili jina hilo inataka nyama ichemshwe na tangawizi na kitunguu saumu mpaka ilainike, kitunguu kikaangwe kwa subira, mchele uoshwe na kulowekwa, kisha ikauke taratibu. Hiyo ni saa mbili na nusu kwa mwenye mkono mwepesi. Moto nao una bei. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukichemshia maharage makavu unauona unavyoisha. Ndiyo maana jijini Nairobi, kwenye mitaa mingi ya makazi, githeri, yaani mahindi na maharage, inauzwa ikiwa imekwisha kuchemshwa, unapimiwa kwa kikombe, unakwenda nyumbani kuiunga kwa kitunguu na nyanya. Mchemshaji mmoja anawasha moto mmoja kwa nyumba hamsini. Serikali yetu ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Ni lengo jema na naliunga mkono. Ningependa waliomo kwenye mipango hiyo wamkumbuke pia huyu anayepika mara moja kwa niaba ya wengi, kwa sababu sufuria yake moja inazima majiko mengi ya mkaa.

Lakini sikuandika makala hii kuutetea uvivu au kuulaumu mji. Uchovu wangu ulikuwa wa kweli, na ungeweza kunifanya ninunue. Haukunilazimisha nijifunge kanga kiunoni.

Mazoea ya kula jasho la mtu na kulificha jina lake yana mizizi mirefu katika mwambao huu, na si mizizi ya kujivunia. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Zanzibar, aliyeolewa na Mjerumani akajulikana kama Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886. Ameeleza maisha ya jumba la Mtoni, sinia zilivyoandaliwa na jiko kubwa lililolisha mamia ya watu. Waliokuwa jikoni walikuwa watumwa. Tunayajua majina ya masultani na mabinti waliokula. Majina ya waliosonga na kukaanga hatuna. Utumwa ulipoteza nguvu ya sheria Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, lakini sifa ya chakula iliendelea kumwendea mwenye nyumba. Leo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam anayepika ni dada wa kazi, msichana aliyetoka Iringa au Singida, na mgeni akisifia mchuzi ni mama mwenye nyumba anayejibu "asante". Nimekaa kwenye meza hizo. Dada amesimama pale pale na jagi la maji ya kunawa.

Mama wa Magomeni si mtumwa na hapendi kuhurumiwa. Ni mfanyabiashara anayelipwa, amejenga vyumba viwili Chanika kwa mwiko wake. Nilipomweleza kwamba nataka kuandika habari za kazi yake, jambo la kwanza alilonionyesha ni kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, kimojawapo cha vile vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000. Amekihifadhi kwenye kifuko cha nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mjukuu. Anasema kilimpa amani, maana kabla yake mgambo walikuwa wakimwaga masufuria. Nilikigeuza mbele na nyuma. Kilikuwa na namba. Jina lake halikuwapo, wala picha.

Hata jina la kazi si lake. "Mama ntilie" ni sauti ya mteja: mama, nitilie. Jina linamtaja anayesubiri sahani na kile anachokitaka, halimtaji anayepakua. Ofisini wanasema mama lishe, ambalo lina heshima kidogo. Yeye binafsi wateja humwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu, na hakuna ubaya. Ila baada ya miaka minane ya kula mkono wake, jina alilopewa na wazazi wake nilikuwa silijui.

Turudi kwenye mkeka. Mama mkwe ameuliza ukoko. Mume wangu, aliyekuwa akijua tangu mwezi wa pili wa pilau za Magomeni, ameinamisha uso. Ningeweza kusema watoto wameumaliza. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kusema hivyo, nikamtazama mama, mtu wa miaka zaidi ya 70, ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa amenyanyua mikono kuniombea. Nikashindwa. Nikamwambia, mama, pilau hii nimeinunua. Nikamwambia na zile za nyuma pia.

Alikaa kimya kwa muda ambao sitausahau. Kisha akasema maneno ambayo nimeomba ruhusa kwake niyaandike. "Kununua si kosa, mwanangu. Tanga nzima inanunua. Lakini miaka yote hii nimekuwa nikiuombea mkono, na mkono wenyewe haumo humu ndani. Dua ya aliyenilisha ni yako, umetoa pesa yako. Dua ya mpishi nimempa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa miaka minane kwa aibu ya kuambiwa sijui kupika. Kwamba nilikuwa nachukua dua ya mtu, hilo halikuwahi kunipitia akilini. Kwetu dua baada ya chakula si adabu ya mdomo. Ni malipo, na kwa watu kama mama mkwe ni malipo makubwa kuliko fedha. Mwanamke wa Magomeni alikuwa akilipwa nusu. Nusu nyingine niliikunja nikaiweka kwenye kanga yangu.

Jumanne asubuhi tulipanda mwendokasi pamoja. Mama mkwe alivaa buibui lake jipya. Tulimkuta mpishi ameinama anachochea kuni, na nilipomtambulisha alishtuka, akadhani tumekuja na malalamiko ya tumbo. Mama mkwe alimsalimu, akaomba kiti, akakaa. Akamwambia, "Nimekula pilau yako tangu mjukuu wangu wa kwanza hajazaliwa. Nimekuja kukupa haki yako." Akanyanyua mikono pale pale, kwenye moshi, wateja wa supu wakiwa wameshika vijiko hewani. Mpishi alifuta mikono kwenye kitenge, akainyanyua naye. Aliitikia amina kwa sauti ndogo. Baadaye aliingia ndani akatoka na kisahani cha ukoko. Ukoko wa sufuria ile hauuzi, alisema, huwa ni wa wajukuu wake wakirudi shule.

Nilimwomba niliandike jina lake katika gazeti hili. Alifikiri akakataa. Alinieleza kwamba wateja wake wengi wako kama nilivyokuwa mimi. Wengine waume zao hawajui, wengine wakwe. Jina lake likitoka pamoja na mtaa wake, Ijumaa watu watamwona fulani akishuka na kitenge chake pale na watajua. "Watakimbia," alisema, "na mimi nina ada za kulipa." Kwa sababu hiyo hiyo hajatundika bango. Wateja wake bora, wanaokuja kila wiki, ndio wasioweza kumwambia mtu yeyote kwamba yeye yupo. Mtu akiwauliza pilau hii umeifanyaje, wanatabasamu na kusema ni siri ya jikoni. Wale wa supu ya asubuhi, wanaolipa kidogo, ndio wanaomletea wateja wapya. Kizuri chajiuza, wahenga walisema, lakini hawakumwona anayekinunua na kukifunika.

Nimeheshimu ombi lake, na nimebadilisha mambo mawili matatu katika makala hii ili asitambulike. Naumia kuwa makala inayodai mpishi atajwe imelazimika kumficha mpishi. Kosa si lake. Ni la sisi tulioifanya riziki yake itegemee ukimya wetu, na ni sisi tu tunaoweza kuufungua, kila mmoja kwenye mkeka wake, kwa ridhaa yake mpishi.

Kuna hasara nyingine niliyoiona nikiwa nimechelewa. Miaka minane ya pilau ya uongo ilizifukuza ndizi zangu za kweli. Kila wageni wa ukoo walipokuja niliona haya kuwawekea chakula cha kwetu, nikakimbilia hotipoti. Jumapili iliyofuata nilipika ndizi. Niliamka alfajiri, nikamenya, nikazipanga kwenye sufuria, nikaziunga kwa maharage na nyanya chungu, nikafunika kwa majani niliyoyafuata sokoni Mabibo. Mama mkwe alikula polepole, akiuliza maswali: mbona mikono yako haina utomvu, mbona hazijavurugika. Nilimwonyesha jinsi ya kupaka mafuta mikononi kabla ya kushika kisu. Alipoomba dua ya mkono, nilikuwa na haki ya kuitikia.

Bado nanunua pilau. Nitaendelea kununua, kwa sababu yule mama anaijua kazi ile kuliko nitakavyoijua mimi, na kwa sababu natoka kazini saa kumi na moja. Tofauti ni kwamba sinia ikishuka mkekani nasema mapema, kabla ya bismillahi: hii imetoka kwa mpishi wangu, ana banda mjini, akitaka mtu namba nitamuulizia kwanza kisha nimpe. Mara ya kwanza sauti ilinikwama. Wifi yangu aliitaka namba siku hiyo hiyo, akaweka oda ya hitima ya watu 60.

Nawaomba wanaobeba hotipoti kwenye kitenge siku ya Ijumaa wamuulize mpishi wao jina lake, lile la kwake, na wamuulize pia anaruhusu litajwe wapi. Mimi nililiuliza siku ile pale kwenye moshi. Kwenye simu yangu hakuna tena Fundi Nguo. Ameandikwa kwa majina yake mawili.